Vita vya Lita Tano na Matairi ya Matope

Sogeeni, enyi mlioketi na mliosimama, enyi wenye magari na enyi mnaokwenda kwa miguu! Mwenye mtoto anayelia na ambembeleze, mwenye redio na aipunguze, kwa maana habari hii ni nzito, nayo haikutokea enzi za mababu wala katika nchi za mbali. Ilitokea Likasi, katika komini ya Panda, miaka hii hii tunayoila.

Palikuwa na mtu Panda, jina lake Evariste Kitenge, mwandishi wa vyeti vya kuzaliwa katika ofisi ya komini, ambaye kwa kalamu yake nusu ya watoto wa mtaa walipata tarehe zao. Shemasi wa kanisa, mwanakwaya wa safu ya mbele, na, kupita vyeo vyote hivyo, bwana wa pikapu moja nyeupe iliyopita mikononi mwa watu watatu kabla ya kufika kwake, ikazeeka, isikubali kufa. Kila Jumamosi alfajiri pikapu hiyo ilibeba magunia ya samaki wakavu wa ziwa la Mwadingusha, walioletwa hadi Likasi na dereva mwingine, mali ya mkewe Henriette, Henriette Asiyepunjwa, aliyejua uzito wa gunia kwa kulitazama tu, ikashika barabara ya lami hadi Lubumbashi, na alasiri ikarudi tupu. Lami kwenda, lami kurudi. Matope iliyasikia kwa jina.

Lakini moyo wa mwanadamu haukai palipo na amani. Siku moja Evariste, akiwa amesimama mlangoni pa ofisi, aliona msafara wa magari ya wachimbaji ukipita: magari marefu, yenye vioo vyeusi, yenye matairi ya meno makubwa kama meno ya kiboko. Magari yakapita, vumbi likatua, naye akaitazama pikapu yake iliyosimama juu ya matairi yake membamba yaliyolainika kwa lami, akaona haya kwa niaba yake. Wiki mbili hazikupita kabla hajairudisha nyumbani imevishwa viatu vipya: matairi manne ya matope, mazito, mapana, yenye meno ya kina cha kidole gumba. Pikapu ilikuwa imenyanyuka shubiri nzima kutoka ardhini, na Evariste akashuka humo kama mtu ashukaye kutoka kwenye kiti cha enzi.

Henriette alizunguka pikapu mara moja, mikono nyuma.

"Papa, hii ni ya nini?"

"Mama," akajibu shujaa, akitandaza mkono kuelekea upeo wa macho, "barabara ya Koni iko na matope. Ile ya Mwadingusha vilevile. Mwanaume lazima ajitayarishe."

"Weye ulienda Koni siku gani?"

"Ku kilio ya mjomba."

"Ilikuwa mwezi wa saba. Kulikuwa vumbi tu."

Evariste akaanza kufuta kioo cha mbele kwa mkono wa shati, kwa sababu majemedari hawajibu kila swali. Henriette naye alifunga kibwebwe. Aliyashusha garini yale matairi ya zamani moja baada ya jingine, akayapanga nyuma ya jiko, akayafunika kwa turubai.

Ee utukufu, jinsi ulivyo mtamu na jinsi ulivyo mfupi! Kwa mwezi mzima Panda ilimjua Evariste kabla hajaonekana, maana matairi yale yalivuma juu ya lami kama mzinga wa nyuki uliopigwa jiwe. Mkuu wake wa ofisi alimpungia mkono, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu aajiriwe. Ndani ya gari, Henriette alilazimika kupiga kelele ili aulize saa. Lakini Evariste aliona mshale wa mafuta ukilala mapema kuliko desturi. Zamani, akijaza tangi Ijumaa jioni hadi shingoni, Jumamosi alikwenda Lubumbashi na kurudi, na bado akabakiwa na mafuta ya kuwapeleka wanakwaya Jumapili. Sasa Jumapili ilimkuta mkavu. Alipiga hesabu kichwani, akaipiga tena, na kila mara ikampa jibu moja: lita tano. Kila wiki, lita tano zilikuwa zikitoweka.

Na mtu akiona kitu kimetoweka, hatazami alichokiongeza. Hutafuta mwizi.

Sasa yafaa mjue kwamba kiwanja cha Evariste kilikuwa chembamba, hakikuingiza gari. Kwa hiyo, mwaka wa nne ule, pikapu ililala katika ua wa jirani yake Samy, uliokuwa na ukuta na lango la chuma. Samy alikuwa fundi mstaafu wa karakana za shaba, mjukuu wa watu walioletwa kutoka Kasai kuja kuchimba, mtu mnene wa sauti nene, nguzo ya besi katika kwaya. Ufunguo wa lango ulikuwa mfukoni mwa Samy. Samy alikuwa na mpira wa kunyonyea mafuta, uliotundikwa wazi ukutani, kama ulivyo kwa fundi yeyote. Vitu hivyo viwili vilikutana katika kichwa cha Evariste, vikazaa cha tatu.

Jumatano, baada ya mazoezi ya kwaya, watu wakiwa bado wanakunja vitabu vyao, Evariste alisimama na kupaza sauti.

"Ndugu Samy! Mbele ya ndugu hawa ninauliza, wala sihukumu. Kila Ijumaa ninajaza mafuta. Kila Jumamosi lita tano haiko. Lango ni yako. Ufunguo ni yako. Mpira ni yako. Minye niulize nani? Niulize kuku?"

Palikuwa na watu kumi na saba. Samy aliweka kitabu chake juu ya benchi taratibu, kana kwamba kilikuwa na yai ndani.

"Kitenge," akanena, na besi yake ikatikisa mabati, "minye nilibeba jeneza ya baba yako ku bega hii. Mutoto yako wa kwanza alizaliwa muke yangu akimushika mama yake mukono. Miaka ine gari yako inalala kwangu, sikukuomba hata sabuni. Leo unaniita mwizi ju ya bidon moja ya mafuta? Vraiment? Basi kuja utoe gari yako. Leo. Jua iko juu bado."

Evariste akaitoa. Na Jumapili iliyofuata safu ya besi ilikuwa na shimo, na kila wimbo ulielea hewani kama nyumba iliyoondolewa msingi.

Pikapu sasa ililala mbele ya dirisha la Evariste, kofia ya tangi imefungwa kwa kufuli la ukubwa wa ngumi. Jumamosi ikaja. Wakaenda, wakarudi. Lita tano hazikuwepo.

Enyi wasikilizaji, hapa mwandishi wa habari hizi anaona aibu, lakini ukweli hauna shemeji. Mtu mwingine angefurahi kwamba rafiki yake hana hatia. Evariste hakufurahi. Mtu akishamshitaki mwenzake mbele ya umati, huomba Mungu mwizi awepo. Aliligeuza lile kufuli, akalinusa, akatafuta alama ya msumari. Usiku, moyoni, aliwaza kwamba pengine Samy ana ufunguo wa makufuli yote. Na mara moja, ingawa alikuwa shemasi, aliwaza hata uchawi.

"Papa," Henriette akamwambia asubuhi, akimwekea chai, "kufuli iko nzima. Weye njo umevunjika."

Jumamosi ya pili vita vikafika mlangoni. Walikuwa wakirudi kutoka Lubumbashi, jua limeinama, nyumba za kwanza za Likasi zikionekana, pikapu ikakohoa mara tatu kama mzee anayetaka kusema jambo, ikanyamaza. Mshale ulikuwa umelala kabisa. Waliteremka kwa uzito wao wenyewe, kimya, matairi yakivuma kwa huzuni, hadi wakasimama mbele ya kibanda chenye tairi moja lililochorwa chokaa juu ya paa. Ndiko alikokaa kwado, maana hivyo ndivyo watu wa kule wanavyomwita fundi wa kuziba matairi. Na kwado huyu alikuwa mwanamke, Princesse jina lake, Princesse Mwenye Mitarimbo, mwembamba, mwenye mikono myeusi hadi kwenye viwiko, ambaye lori lenye magurudumu kumi lilimwogopa.

Alikuwa na mafuta kidogo kwenye chupa. Akaleta chupa, akafika kwenye tangi, akaona kufuli, akatazama chini, akaona matairi. Akaweka chupa chini.

"Papa, weye unachimba wapi?"

"Sichimbi. Niko karani."

"Unalima?"

"Tunauza samaki. Tunaenda Lubumbashi."

"Ku goudron, ku lami?"

"Ku goudron."

Princesse akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akacheka mpaka akafuta macho kwa mgongo wa mkono. Kisha akasimama, akawa mzito, akanena kama mtu aliyetumwa na tairi zote za dunia:

"Sikiliza, papa. Hii pneu ni ya matope. Meno yake ni marefu ju ya kuchimba udongo. Ku goudron haina cha kuchimba, inatafuna goudron, na goudron haitafunwi. Kila jino inakunjika, inarudi, inakunjika, inarudi. Ile yote ni mafuta yako. Tena ni nzito sana, moteur inasukuma mizigo hata gari ikiwa tupu. Na upepo uko mudogo." Akaingiza kipimo chake kwenye kila tairi, akatikisa kichwa mara nne. "Gari yako inatembea na gumboot mu maji. Halafu unafunga kufuli ku tangi! Mwizi alikuwa chini, weye ukafunga juu."

Evariste alihisi masikio yake yanawaka. "Ni maneno," akasema. "Mutu anaweza kusema maneno."

"Mama," Princesse akamgeukia Henriette, "pneu ya zamani mulitupa?"

"Kitu inayoshika upepo, minye situpi," akasema Henriette.

Basi Jumapili hiyo, baada ya ibada, kwenye uwanja ulio tambarare mbele ya maghala ya zamani ya kampuni ya shaba, majeshi yakakutana. Princesse alijaza upepo sawasawa katika matairi ya matope, ili asije akasingiziwa kwamba alionea mtu. Akachora mstari kwa chokaa. Wote watatu wakaweka mabega yao nyuma ya pikapu, Evariste katika suruali yake ya kanisani, wakaisukuma hatua kumi, wakaiachia penye mstari. Pikapu ikaenda ikinguruma, ikachoka, ikasimama. Henriette akapima kwa miguu: hatua kumi na tisa. Ndipo mitarimbo ikalia, na matairi membamba yaliyolala nyuma ya jiko yakarudishwa vitani, yakajazwa upepo, na mabega yakarudi kazini, hatua kumi zilezile, mstari uleule. Wakaachia.

Pikapu ikaenda. Ikapita alama ya kwanza bila kuitazama. Ikaenda kimya, kama mtu aliyevua viatu vinavyobana, ikaendelea kwenda, na Evariste, aliyesahau kwamba hakuna mtu kwenye usukani, akaanza kuikimbilia akipiga kelele "Simama! Simama!" mpaka ikasimama yenyewe kwenye ukingo wa nyasi. Hatua thelathini na tatu.

"Bado," akasema Evariste, akihema, mikono juu ya magoti. "Kusukuma si safari."

"Basi safari," akasema Henriette, na sauti yake ilikuwa na kitu ambacho mumewe alikuwa hajakisikia tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. "Jumamosi mbili. Ya kwanza, hii ya meno. Ya pili, hii ya zamani. Magunia ni yaleyale, mwendo ni uleule. Tunajaza mpaka shingoni tukitoka, tunajaza mpaka shingoni tukirudi, na bidon ya lita tano. Minye njo nitahesabu. Na ikiwa Samy hana kosa, papa, utajua cha kufanya, ama sitapanda tena hii gari."

Hivyo ikawa. Jumamosi ya kwanza walikwenda na matairi ya matope, na mtu hakuligusa tangi njia nzima. Henriette alishuka kila aliposhuka Evariste, akasimama kando ya kofia ya tangi kama mlinzi wa kaburi la mfalme. Waliporudi, tangi lilikunywa bidoni sita na kikombe kabla halijafika shingoni. Jumamosi ya pili walikwenda na matairi membamba. Evariste aliendesha mwendo uleule, mikono yote miwili kwenye usukani, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili alimsikia mkewe akiimba kwa chini. Aliogopa kufika. Walipofika kwa Princesse, Henriette akashika bidoni.

Ya kwanza ikaingia. Ya pili. Ya tatu, ya nne. Ya tano ikaingia yote. Akainua ya sita, akamimina kidogo, kikombe, na mafuta yakaja juu shingoni yakimetameta, yakamwagika kwenye vidole vyake.

Bidoni tano na kikombe.

Evariste alikuwa amezipata! Enyi wa Panda, kile ambacho kufuli halikukipata, wala macho ya mlinzi, wala mashaka ya shemasi, matairi manne makuukuu yalikuwa yamekirudisha: lita tano, kamili, wala hazikuibwa na mtu yeyote aliyezaliwa na mwanamke. Princesse alipiga mtarimbo wake juu ya rimu mara tatu, sauti ikasikika hadi ng'ambo ya barabara. Dereva wa lori aliyekuwa akingoja zamu yake akapiga makofi bila kujua sababu. Na Evariste Kitenge, mshindi, akaketi juu ya ile ndoo iliyopinduliwa, akafunika uso.

Maana kubadilisha matairi ni kazi ya saa moja. Kazi iliyobaki haikuwa na mtarimbo.

Jioni hiyo alikwenda kwa Samy. Samy alikuwa uani, akitupia kuku makombo. Evariste akasema yote: meno, upepo, hatua thelathini na tatu, bidoni tano. Kisha akasema, "Nilikukosea, yaya, ndugu yangu mukubwa. Pardon."

Samy hakugeuka. "Ulinisema mbele ya bantu kumi na saba," akasema. "Sasa unaniomba pardon mbele ya kuku?"

Akamaliza makombo, akaingia ndani.

Jumapili, kanisa likiwa limejaa, mchungaji aliita wenye ushuhuda. Mama mmoja alisimama akashuhudia mguu uliopona; mzee mmoja, kazi iliyopatikana. Kisha Evariste akapita mbele, akashika kipaza sauti kama mtu anayeshika nyoka. Karibu na mlango, mikono imekunjwa, alikuwa ameketi Samy.

"Ndugu na dada," akaanza, "adui aliingia katika gari langu."

"Amen!" kanisa likaitika.

"Alikaa chini, akala mafuta yangu kila wiki!"

"Moto! Achomwe!" akapiga kelele mama wa safu ya tatu.

"Hapana, mama, musimuchome. Alikuwa na meno, na meno niliyafunga minye mwenyewe. Ni pneu." Mama wa safu ya tatu akaketi. "Nilinunua pneu ya matope nikaitembeza ku goudron, ju nilitaka kuonekana mukubwa. Ikakula lita tano. Na minye, shemasi wenu, badala ya kuinama nitazame chini ya gari, nilimutazama ndugu yangu Samy usoni, nikamwita mwizi mbele ya kwaya. Samy hakuiba. Hata tone. Yeye alinichungia gari miaka ine bila kuniomba kitu. Mwizi alikuwa kiburi yangu, na ilikuwa inavuma barabara nzima, kila mutu alikuwa anaisikia, minye tu sikusikia."

Alirudisha kipaza sauti, na hakuna aliyesema Amen, kwa kuwa hakuna aliyejua kama panafaa. Hata mpiga ngoma aliweka vijiti vyake chini. Watu wakageuza shingo kuelekea mlangoni. Samy akainuka, na benchi likalia.

"Nimesikia," akasema. "Mais hasira yangu ingali na siku mbili. Jumanne nitakuja kwako kula bukari."

Hapo ndipo kanisa lilipolipuka. Walipiga vigelegele, ngoma ikarudi, mchungaji akatangaza somo juu ya meno ya adui ambalo hakuwa amelitayarisha. Na baada ya ibada wanaume saba wenye magari walionekana wakiinama mmoja baada ya mwingine chini ya magari yao katika nguo zao za kanisani. Matairi ya matope yalipelekwa kwa dereva anayeleta samaki kutoka Mwadingusha, mtu mwenye matope ya kweli, naye aliyapokea kwa heshima, akampa Henriette gunia la samaki ambalo hakulitazama mara mbili.

Jumanne ikafika, na saa sita mchana Samy akafika nayo, pamoja na mkewe. Henriette alikuwa amepika bukari, ndio ugali wa kule, na mboga ya lengalenga na samaki mkubwa kuliko sahani. Samy alinawa, akala. Aliongezewa, akala. Evariste hakula, alikuwa akimtazama kila tonge linavyopanda na kushuka, kama mtuhumiwa anayetazama midomo ya hakimu. Mwishowe Samy akanawa tena, akajifuta, akaegemea kiti.

"Kitenge," akasema, "ile wimbo ya pili, Jumapili. Ulipanda juu sana. Uliimba kama mbuzi ku bati."

Evariste Kitenge alikuwa amepungiwa mkono na mkuu wa ofisi. Alikuwa ameshangiliwa na kanisa zima. Princesse Mwenye Mitarimbo alikuwa amempigia rimu. Katika sifa zote hizo hakuna iliyomwingia kama lawama ile. Aliinama juu ya sahani yake, akaanza kula kwa pupa, na mke wa Samy akamsogezea samaki.

Basi na waandike wenye kuandika, na wasio na wino wakariri: kwamba katika Panda, mchana wa Jumanne, baada ya vita vya Jumamosi nne, mtu mmoja aliokoa lita tano za mafuta, zikamgharimu karibu kila kitu alichokuwa nacho, naye akasema, mdomo umejaa, kwamba zilikuwa rahisi.